Mkono mmoja haulei mwana: mama mzazi, kazi yake na kiti chake katika kamati ya amani

Hotuba iliyotolewa Kalemie, jimbo la Tanganyika, mbele ya familia za wahamishwa, kamati za amani na viongozi wa vijiji

 

Waliotayarisha mkutano huu waliniomba niseme juu ya mwanamke na amani. Habari hiyo ni pana. Nimechagua kipande kimoja ambacho mara nyingi tunakiruka: mama aliyejifungua karibuni. Namna gani anaweza kutafuta chakula, kulea kichanga, kutunza mwili wake na roho yake, na bado kubaki na kiti chake katika kamati ya amani? Nasema kama mfanyakazi wa shirika ambaye anazunguka vituoni kila wiki. Nasema pia kama mama. Mtoto wangu wa kwanza ana miezi saba, na sasa hivi yuko pale nje kivulini pamoja na dada yangu. Mkisikia analia, mtanivumilia nitoke kidogo.

Nataka mwondoke hapa na neno moja. Vita ilichoma nyumba na mashamba yetu. Lakini ilivunja pia kitu ambacho hatukukiandika katika orodha ya mali iliyopotea, nacho ni ile mikono iliyokuwa ikimzunguka mama mzazi. Kuirudisha mikono hiyo ni kazi ya kamati ya amani, sawa na kupatanisha watu wawili wanaogombania mpaka wa shamba.

Mikono tuliyoipoteza

Wazee wako hapa, nikikosea wanisahihishe. Kijijini, mwanamke akijifungua hakubaki peke yake. Mama yake alifika, au shangazi, au dada mkubwa wa mume. Mmoja alichota maji, mwingine alitwanga sombe, mwingine alipasha maji ya moto ya kumkanda mzazi. Watoto wakubwa walikula kwa jirani. Mzazi alibaki na kazi mbili: kunyonyesha na kulala. Hakuna aliyemwita mvivu, kwa sababu wote walijua ametoka mahali pa hatari.

Tangu mwaka 2016, mapigano kati ya Batwa na Baluba yalipoenea katika jimbo letu, na baadaye mashambulizi ya makundi mengine yenye silaha, familia nyingi zilikimbia kutoka Nyunzu, Manono, Kabalo na vijiji vya Kalemie hii hii. Kati yetu kuna pia waliotoka Kivu ya Kusini. Njiani familia zilikatika. Bibi alibaki kijijini kwa sababu miguu ilimkatalia. Shangazi yuko katika kituo kingine. Dada alivuka ziwa akaenda Tanzania. Basi leo mwanamke akijifungua, pembeni ya hema lake kuna majirani ambao hakukua nao, pengine wa kabila ambalo aliambiwa aliogope. Anaona haya kuwaomba, nao wanaona haya kumwingilia. Kila mmoja anakaa na mzigo wake.

Siku ya mama mzazi ina saa ngapi?

Hebu tuhesabu pamoja. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Tukisema kila mara ni nusu saa, hiyo ni kazi ya saa 4 hadi 6 kila siku, na sehemu kubwa ni usiku. Hatujamwosha mtoto bado. Hatujafua nguo zake.

Tuende kwenye maji. Mashirika ya misaada hutumia lita 15 kwa mtu kwa siku kama kipimo cha chini kabisa. Familia ya watu 6 inahitaji lita 90, maana yake bidoni nne na nusu za lita 20. Bidoni moja ikijaa ina kilo 20. Mwanamke ambaye tumbo lake halijapona anabeba kilo 20 kichwani, anarudi, anabeba tena, mpaka mara ya tano. Kisha kuna kuni, kuna muhogo wa kutwanga, kuna mkubwa wake mwenye miaka mitatu ambaye analilia kubebwa.

Hapo hatujataja kazi ya kuleta pesa. Nawaona wamama wakipanga foleni ya kibarua cha kulima, wakibeba mizigo bandarini, wakiuza makala na ndakala sokoni, na mtoto mgongoni hajatimiza mwezi. Wakati mwingine mtu huwaambia, "Mama, ujitunze, upumzike." Ni neno zuri, lakini halitoshi. Mama huyo angeweza kujibu, "Nikipumzika, nani atachota maji?" Yeyote anayemshauri mama apumzike bila kujibu swali hilo amempa mzigo mwingine juu ya ile mitano.

Sheria inamkinga nani?

Nchi yetu ina sheria ya kazi, Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inampa mwanamke mwenye mkataba wiki 14 za likizo ya uzazi: 6 kabla ya kujifungua na 8 baadaye. Katika muda huo anapata theluthi mbili ya mshahara wake. Akirudi kazini na bado ananyonyesha, ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na mapumziko hayo yanahesabiwa kama muda wa kazi.

Mimi nina mkataba wenye muhuri, kwa hiyo sheria hiyo inanigusa. Hata hivyo hesabu haikukamilika. Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi tunaliita OMS, linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila maji wala uji, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Miezi 6 ni wiki 26. Mama akirudi kazini mtoto akiwa na wiki 8, zinabaki wiki 18 ambazo anatakiwa kunyonyesha na kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Kwangu ilikuwa hivi. Safari ya vituoni inaanza saa kumi na mbili asubuhi kwa pikipiki. Kabla ya kutoka ninanyonyesha, kisha ninakamua maziwa kwa mkono. Nanawa kwa sabuni, nakamulia katika kikombe kilichochemshwa chenye kifuniko, nakiweka mahali pa baridi ndani ya nyumba. Dada yangu anampa mtoto kwa kikombe, bila chupa ya chuchu, kwa sababu chupa ni ngumu kuisafisha na inaleta kuhara. Maziwa hayo hayakai zaidi ya saa 4, na siku ya joto kali yanyweshwe mapema zaidi. Mchana nilipokuwa kituoni, wamama walinipa pembe ya hema zao nikamue, maana kifua kikijaa kinauma na kinaweza kuleta homa. Nawashukuru. Mkataba wangu ulinipa muda, lakini ni ninyi mliyenipa mahali.

Sasa tumtazame yule anayebeba magunia bandarini. Ana wiki ngapi za likizo? Hana hata moja. Nani anampa nusu saa ya kunyonyesha? Sheria ya mwaka 2002 inamtafuta mwajiri wake na haimpati, kwa sababu leo anafanyia huyu, kesho yule. Ndiyo maana nasema kwamba kijiji na kituo vinahitaji sheria yao ndogo, ya kinywa, ambayo watu wote wanaijua. Shefu mnayo mamlaka hiyo. Kamati mnayo.

Uchovu unapogeuka kuwa ugomvi

Mtu anaweza kuuliza, "Habari hizi za kunyonyesha zinaingiaje katika mambo ya amani?" Nitawapa mfano mmoja kutoka kituo ambacho sitakitaja.

Asubuhi moja kwenye bomba la maji, mama mwenye mtoto wa wiki mbili aliomba apite mbele ya foleni. Mtoto alikuwa ameachwa hemani na kaka yake wa miaka sita. Aliyekuwa mbele alikataa, akasema kila mtu ana watoto. Yule mama alisukuma bidoni yake. Mwingine aliipiga teke. Maneno yakaanza. Mpaka hapo walikuwa wanawake wawili waliochoka. Lakini mmoja alikuwa Mtwa na mwingine Mluba, na baada ya dakika chache watu hawakuzungumza tena juu ya maji. Yakaja maneno ya mwaka 2016, ya nani alichoma nyumba ya nani. Vijana walifika na fimbo. Wazee wawili, mmoja wa kila upande, walisimama katikati mpaka watu wakatawanyika.

Kamati ya amani ilikaa siku mbili. Walipouliza kwa utulivu, walikuta hakuna aliyefika bombani akiwa na nia mbaya. Walichokuta ni mwili ambao haukulala na foleni ambayo haikuwa na kanuni. Mwishoni waliweka kanuni moja: mama mwenye mtoto chini ya wiki sita anapita mbele, awe wa kabila lolote, na mlinzi wa bomba anawajua wamama hao kwa majina. Kanuni hiyo haikugharimu hata franka moja. Tangu iwekwe, sikusikia tena ugomvi wa kabila katika foleni ile.

Tazama pia upande wa pili. Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325, linalotaka wanawake washiriki katika kuzuia vita na kujenga amani. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inataka mwanamke awakilishwe kwa usawa. Tunayasoma haya mikutanoni, tunaandika wanawake katika kamati, tunafurahi. Kisha mmoja anapata mtoto. Anakosa kikao kimoja, cha pili, cha tatu. Katika kikao cha nne jina lake limepewa mtu mwingine. Tukiuliza, tunajibiwa, "Tulimwachia apumzike." Hakuna aliyekwenda kumwuliza yeye.

Katika shirika moja nililofanya kazi zamani, mwenzangu alirudi kutoka likizo ya uzazi akakuta ameondolewa katika orodha ya mafunzo. Aliambiwa walimhurumia kwa sababu ya mtoto. Alilia siku hiyo, naye si mtu wa kulia ovyo. Huruma isiyouliza inafunga mlango kama ubaguzi unavyoufunga. Kamati nayo inapata hasara: mwanamke aliyejifungua juzi ndiye anayejua bomba lina foleni ya namna gani, dawa zimekwisha lini, ni njia gani ya kuni yenye hatari. Akitoka, habari hizo zinatoka naye.

Roho nayo inachoka

Kuna uchovu wa mwili, na kuna ule wa ndani. Siku za kwanza baada ya kujifungua, mama wengi hulia bila sababu, kisha inapita. Lakini ikiwa baada ya wiki mbili bado halali hata mtoto akilala, hataki kula, haoni furaha kumshika mtoto, anajiona hafai, au anasema afadhali afe, hapo ni ugonjwa. Haukuletwa na uchawi wala uvivu, na si alama kwamba hampendi mwanawe. OMS inakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata shida ya akili baada ya kujifungua, hasa huzuni kubwa. Na wengi wa hao hawakukimbia vita kama ninyi.

Huzuni hiyo ina msaada. Mwaka 2006 huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza kufundisha mabibi wa mtaani namna ya kusikiliza watu wenye huzuni. Walikaa na mtu kwenye benchi, nje ya kituo cha afya, wakamsaidia kutazama shida yake moja moja. Watu wa kule wana neno lao ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema "mawazo yamemzidi". Kazi ya mabibi wale ilipimwa na wataalamu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: watu waliokaa nao walipata nafuu. Nawaambia hivi kwa sababu mabibi tunao. Benchi tunaweza kutengeneza. Anayesikiliza anahitaji mafunzo, masikio, na mdomo unaotunza siri.

Ila kuna dalili ambazo hazingoji benchi. Damu nyingi kutoka, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, harufu mbaya ya uchafu unaotoka, au mama kusema atajiumiza au atamwumiza mtoto. Ukiona moja ya hizo, mama aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata ikiwa usiku, na asiachwe peke yake. Hata asiye na dalili aonwe na muganga katika saa 24 za kwanza, tena siku ya 2 au ya 3, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6.

Mambo sita ninayowaomba viongozi

Sikuja kuomba pesa. Ninaomba mpango.

Kwanza, orodha. Kila kamati ijue ni mama gani amejifungua katika wiki sita zilizopita na ni nani atajifungua karibuni. Mama mmoja anayeaminika aitunze orodha hiyo.

Pili, zamu ya maji na kuni. Rudini kwenye hesabu yetu: nyumba ya mzazi inahitaji karibu bidoni 5 kwa siku. Familia 10 za jirani zikishika zamu, kila familia inaleta bidoni moja kila siku ya pili. Kwa siku 42, ni bidoni 21 tu kwa kila familia. Mzigo wa mwenzio ni kama kanda la usufi, wazee walisema. Ukigawanywa, kweli unakuwa mwepesi. Nawaomba jambo moja la ziada: zamu ichanganye makabila. Mtu aliyekunywesha maji siku ile huna nguvu ya kuzaa ni vigumu kumfukuza kesho kwa fimbo.

Tatu, kupita mbele. Bombani, kwenye kituo cha afya na siku ya kugawa chakula, mama mwenye kichanga asisimame foleni. Itangazwe na shefu mbele ya watu wote, ili mama asilazimike kuomba.

Nne, kikao kinachomfaa mama. Vikao visiwekwe asubuhi ya kuchota maji wala jioni ya kupika. Visizidi saa mbili bila mapumziko. Pawe na mkeka, kivuli na mtu mmoja wa kushika watoto. Mama akinyonyesha ndani ya kikao, mwenye neno aendelee kusema.

Tano, kiti kisipotee. Mjumbe akijifungua, abaki mjumbe. Achague yeye mwenyewe mwanamke wa kumwakilisha kwa miezi mitatu. Huyo aende kumpa habari baada ya kila kikao na achukue maoni yake. Miezi ikiisha, mama arudi mahali pake. Akitaka kurudi mapema au kuchelewa, ni yeye atakayesema.

Sita, likelemba. Vikundi vyenu vya kuchanga pesa viwe na kanuni kwamba anayejifungua anapokea zamu yake kwanza. Hapewi zawadi, ni pesa yake mwenyewe, inakuja tu siku anayoihitaji. Kwa wiki mbili au tatu asingelazimika kwenda bandarini.

Neno kwa akina baba

Baba zetu, kaka zetu, ninajua mnabeba yenu. Mwanaume aliyekuwa na shamba la hekta mbili leo anangojea kibarua, na inauma. Lakini kuna kazi ambayo haihitaji mwajiri. Chota maji. Osha mtoto mkubwa. Mshike mdogo saa moja jioni ili mama yake alale. Hakikisha anakula mara moja zaidi ya kawaida, kwa sababu anayenyonyesha analisha watu wawili. Na usidai haki ya kitanda kabla mwili wake haujapona na yeye mwenyewe hajakubali.

Sheria ya kazi inampa baba mwenye mkataba siku mbili mke wake akijifungua. Siku mbili ni chache, lakini ninyi msio na mkataba hamna anayewahesabia.

Najua mnaogopa nini. Katika kituo kimoja, baba mmoja alichotea mke wake maji usiku ili wenzake wasimcheke. Kiongozi wa kamati alipojua, hakumhubiria mtu. Kesho yake saa mbili asubuhi alichukua bidoni, akapita nayo katikati ya kituo, akiisalimia kila nyumba. Wiki ile ile wanaume wengine watano walionekana bombani mchana. Kiongozi anaweza kuondoa haya kwa miguu yake kuliko kwa maneno yake.

Neno kwa wamama wenzangu

Wamama, mlilelewa kama mimi, mkaambiwa mama mwema hachoki. Anachoka. Kusema "nimechoka" hakukuondolei heshima. Jirani akikuuliza akusaidie nini, usijibu "niko sawa". Mtajie kitu: bidoni moja, kunishikia mtoto nioge, kunitwangia sombe. Watu wengi wanataka kusaidia lakini hawajui waanzie wapi.

Mtoto akilala mchana, lala naye kabla hujafagia. Kunywa maji kila unaponyonyesha. Tembea kidogo ukiweza. Uwe na mtu mmoja ambaye unaweza kumwambia ukweli wote. Na umwulize muganga juu ya kupumzisha uzazi: OMS inashauri mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kupata mimba nyingine, na zipo njia zinazomfaa anayenyonyesha.

Wewe unayefikiri, "Sasa nina mtoto, mambo ya kamati niwaachie wengine": kama moyo wako kweli unataka kuacha, acha kwa amani, hakuna atakayekulaumu. Lakini kama unaacha kwa sababu hakuna mkeka, hakuna kivuli na hakuna wa kushika mtoto, basi usiache. Dai mkeka.

Kabla hatujaondoka

Wazee wetu, methali inasema mkono mmoja haulei mwana. Tuliisema tukiwa kijijini, wakati mikono ilikuwa mingi. Sasa tumetawanyika, na ndiyo inahitaji kufanyiwa kazi.

Kwa hiyo ninaomba tusifunge mkutano kwa makofi. Kila kamati ikae pembeni dakika kumi. Itaje mama mmoja aliyejifungua ndani ya wiki sita hizi. Itaje nyumba kumi zitakazoshika zamu yake kuanzia kesho asubuhi, na iandike ni nani anaanza. Mwezi ujao nitakapopita vituoni, sitauliza ikiwa hotuba ilikuwa nzuri. Nitamtafuta mama huyo na kumwuliza amelala saa ngapi.